Alcaraz, Sinner au Djokovic? Świątek, Gauff au Sabalenka? Nani wa kumfuata Roland Garros

Kila ikikaribia mwisho wa Mei naulizwa swali lilelile na watu wanaopenda tenisi lakini hawana siku nzima za kukaa mbele ya skrini: nimfuate nani Roland Garros, yale mashindano makubwa ya tenisi yanayochezwa Paris kwenye udongo? Wana haki ya kuuliza. Droo ya wanaume ina wachezaji 128, ya wanawake 128, na anayenyanyua kombe lazima ashinde mechi saba. Mwenye kazi na watoto hawezi kuzifuata zote. Anataka jina moja upande wa wanaume na jingine upande wa wanawake, ashikamane nayo mpaka yatolewe au yabebe kombe.

Ninaweka mezani majina sita: Carlos Alcaraz, Jannik Sinner na Novak Djokovic, kisha Iga Świątek, Coco Gauff na Aryna Sabalenka. Rekodi ninazozitumia zinaishia mashindano ya 2025. Na niseme mapema kwamba sitawapanga kwa idadi ya makombe wala kwa nafasi zao kwenye orodha ya dunia, kwa sababu udongo wa Paris umeshawaumbua wengi waliopangwa hivyo.

Udongo kwanza

Tunauita udongo, lakini ile rangi nyekundu ni unga wa matofali yaliyosagwa, tabaka la milimita moja au mbili tu lililotandazwa juu ya mawe ya chokaa yaliyoshindiliwa. Mpira ukiligusa tabaka hilo unapungua kasi na kupanda juu, na anayeukimbilia anateleza kwa miguu huku raketi ameshainyoosha. Pigo ambalo kwenye nyasi za Wimbledon lingekuwa pointi, hapa linarudi. Unapiga tena, linarudi tena.

Ndiyo maana Pete Sampras, mwenye mataji 14 ya Grand Slam, yaani mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi, hakufika hata fainali ya Paris. Alikogota ni nusu fainali ya 1996. Ndiyo maana John McEnroe, katika mwaka 1984 ambao karibu hakuna aliyemweza, aliongoza seti mbili kwa sifuri kwenye fainali dhidi ya Ivan Lendl na bado akaondoka mikono mitupu. Hawa walikuwa mabingwa wa kweli. Walizoea tu kwamba pointi waliyoimaliza imekwisha, na udongo haukukubaliana nao.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: mpira aliodhani ameumaliza ukimrudia, anafanya nini? Yupo anayepiga kwa nguvu zaidi. Yupo anayepiga vilevile kama mwanzo, bila kukunja uso. Yupo anayebadili kila kitu. Yupo anayesubiri. Ukishajua unapenda kumtazama mtu wa aina gani kati ya hao, umeshachagua nusu.

Hali ya hewa nayo usiidharau. Siku ya jua mpira unaruka hadi mabegani, na wenye mapigo ya mzunguko mkali wanatamba. Siku ya ubaridi na manyunyu mpira unanyonya unyevu, unakuwa mzito, hauinuki. Mwaka 2020, Uviko-19 ilipoyasukuma mashindano hadi vuli na fainali ikachezwa Oktoba, wengi waliamini baridi ingempokonya Rafael Nadal silaha zake. Akamfunga Djokovic 6-0, 6-2, 7-5.

Na Nadal mwenyewe? Wapo wanaotafuta wa kujaza pengo lake, nami nawaambia waache. Makombe 14 kati ya 2005 na 2022, mechi 112 alizoshinda na 4 tu alizopoteza, fainali zote 14 alizocheza akazishinda: hilo si pengo la kuzibwa na mtu mmoja. Mei 2025 waliweka alama ya unyayo wake katika uwanja mkuu wa Philippe-Chatrier, karibu na wavu, na Roger Federer, Djokovic na Andy Murray wakaja kusimama naye. Umpende Nadal kwa kumbukumbu, kisha umchague mwingine kwa sifa zake mwenyewe.

Alcaraz na Sinner

Hapa ndipo penye uamuzi mgumu.

Alcaraz alizaliwa 2003, akakulia El Palmar huko Murcia, Hispania, akicheza kwenye udongo tangu utotoni. Makombe yake mawili ya Paris, 2024 na 2025, aliyatwaa akiwa chini ya Juan Carlos Ferrero, naye bingwa wa Roland Garros mwaka 2003. Sinner alizaliwa 2001 katika milima ya kaskazini kabisa mwa Italia, mahali pa theluji, na utotoni alikuwa akishindana kuteleza kwa ski kabla ya kuipa tenisi muda wake wote. Ukimtazama anavyokwenda na mguu wa nje mpaka pembeni ya uwanja, kisha akajisukuma kurudi katikati bila kuyumba, utaona ile milima.

Sasa wapime. Mpira ukimrudia Sinner, anapiga uleule. Nguvu ileile, kina kilekile, mapema vilevile, mkono wa mbele na wa nyuma bila tofauti. Hakuna hasira wala mbwembwe. Mpinzani anaanza kujiona kama mtu aliyefungiwa chumba kinachopungua. Mwaka 2025 alifika fainali bila kupoteza hata seti moja. Jiri Lehecka, mchezaji mzuri kabisa, alipewa 6-0, 6-1, 6-2, na Djokovic naye aliondolewa nusu fainali kwa seti tatu. Ukitaka mchezaji ambaye huhitaji kushika moyo siku kumi za mwanzo, ni huyu. Unawasha, unaona kazi safi, unarudi kwenye shughuli zako.

Mpira ukimrudia Alcaraz, anabadili swali. Alipiga kwa nguvu. Sasa anaudondosha karibu na wavu. Mpinzani akishaujua ule wa kudondosha na kuanza kusogea mbele, anapigwa mmoja mrefu unaompita begani. Kisha Alcaraz mwenyewe yuko wavuni, na umati umesimama. Gharama yake ni kwamba akili humtoka. Mwaka 2025 alipoteza seti mbele ya Marozsán, Džumhur, Shelton na Musetti, na kila mara ulikuwa ukijiuliza amekwenda wapi. Mwaka 2024 alikuwa nyuma seti mbili kwa moja katika nusu fainali dhidi ya Sinner, na tena seti mbili kwa moja katika fainali dhidi ya Alexander Zverev. Zote mbili akazigeuza. Mwaka mmoja kabla haikuwa hivyo hata kidogo: nusu fainali ya 2023 dhidi ya Djokovic, misuli ilimkaza mwili mzima baada ya seti mbili, na alikiri kwamba ilikuwa presha ya mechi yenyewe. Seti mbili za mwisho alizipoteza 6-1, 6-1.

Kwa hiyo kumfuata Alcaraz ni kukubali mateso. Kumfuata Sinner ni kukubali jambo jingine ambalo halionekani mpaka saa ya nne.

Udhaifu wa Sinner katika Paris umekuwa katika mechi ndefu. Mwaka 2023, raundi ya pili, alikuwa na pointi za kushinda mechi dhidi ya Daniel Altmaier, zikamponyoka, na baada ya saa 5 na dakika 26 akatolewa. Mwaka 2024 aliongoza seti mbili kwa moja dhidi ya Alcaraz na hakuweza kufunga. Halafu ikaja 8 Juni 2025.

Fainali hiyo naieleza kwa karibu kwa sababu mtu anayetaka kuchagua kati ya hawa wawili hahitaji ushahidi mwingine. Sinner ana seti mbili mfukoni, 6-4 na 7-6. Alcaraz ametwaa ya tatu, lakini katika ya nne yuko nyuma 5-3 na sevu ni yake, yaani yeye ndiye anayeanzisha mpira, alama 0-40. Pointi tatu za ubingwa kwa Sinner, mfululizo. Mimi nilikuwa nimeshainuka kwenye kiti. Katika maisha yake yote ya kulipwa Alcaraz hakuwahi kugeuza mechi akiwa nyuma seti mbili kwa sifuri. Ya kwanza ikaokolewa. Ya pili. Ya tatu. Akashinda gemu, kisha Sinner akaja kuanzisha mpira kwa ajili ya kombe, na akavunjwa, yaani akapoteza gemu aliyoianzisha mwenyewe. Seti ikaisha kwa taibreki, gemu ya mwisho ya kuamua seti iliyofika 6-6, nayo ikawa ya Alcaraz.

Wengi husimulia mpaka hapo tu, na hilo ni kumdhulumu Sinner. Katika seti ya tano Alcaraz alianzisha mpira kwa ajili ya ubingwa akiwa mbele 5-4, na Sinner, miguu ikiwa imechoka, akamvunja na kupanda mpaka 6-5. Mtu aliyepoteza pointi tatu za ubingwa angeweza kulala. Hakulala. Walikwenda kwenye taibreki ya pointi kumi, kanuni iliyoanza kutumika hapo 2022, na ndipo Alcaraz akacheza tenisi ambayo sina neno lake: 7-0 kabla Sinner hajapata kitu, 10-2 mwisho. Saa 5 na dakika 29, fainali ndefu kuliko zote katika historia ya Roland Garros. Ukihesabu pointi zote za mechi, Sinner alishinda 193 na Alcaraz 192.

Rudia namba hizo. Aliyeshindwa alishinda pointi nyingi zaidi. Ndivyo udongo ulivyo: haujali unapiga vizuri mara ngapi, unajali unapiga vizuri lini.

Kuna jambo moja zaidi linalonivuta kwa Alcaraz, nalo halimo kwenye matokeo. Raundi ya nne ya 2025, dhidi ya Ben Shelton, aliirusha raketi kuufuata mpira wavuni, mpira ukagusa raketi na kuanguka upande wa pili. Pointi nzuri ajabu, uwanja ukapiga kelele. Akamwendea mwamuzi mwenyewe na kumwambia raketi ilikuwa imeshatoka mkononi, kwa hiyo pointi si yake. Hakuna aliyemlazimisha.

Djokovic, kwa anayetaka kusoma

Djokovic alitimiza miaka 38 Mei 2025, na mtu anayemchagua sasa asimchague kwa matumaini ya kombe. Baada ya kufungwa na Sinner nusu fainali ya mwaka huo alisema huenda ikawa mechi yake ya mwisho hapo. Lakini kama lengo lako ni kuelewa mchezo, hakuna darasa bora, na video za mechi zake za nyuma zinatosha kukulisha.

Yeye ndiye pekee aliyemshinda Nadal mara mbili Roland Garros, 2015 na 2021. Alipoteza fainali za 2012, 2014, 2015 na 2020 na bado akawa na makombe matatu: 2016, 2021 na 2023. Mwaka 2021 ndio wa kutazamwa. Nusu fainali alipoteza seti ya kwanza kwa Nadal 6-3, akashinda tatu zilizofuata, usiku ambao amri ya kutotoka nje ilikuwa inaanza saa tano Paris na watazamaji wakaruhusiwa kubaki mpaka mwisho. Siku mbili baadaye Stefanos Tsitsipas akamtangulia seti mbili kwa sifuri. Djokovic alikwenda kubadilisha nguo, akarudi kama mtu aliyeamka: 6-3, 6-2, 6-4. Hakuongeza nguvu hata kidogo. Alisogea hatua mbili, akaanza kurudisha mipira ndani zaidi, na Tsitsipas akawa anapiga mpira mmoja zaidi ya alioutaka. Kisha miwili zaidi.

Mpira ukimrudia Djokovic, anasubiri. Anajua atakuwepo pia ukirudi tena. Agosti 2024, katika uwanja huohuo wa Philippe-Chatrier, miezi miwili baada ya upasuaji wa goti, alimfunga Alcaraz 7-6, 7-6 kwa dhahabu ya Olimpiki, kisha akaanguka chini akitetemeka kwa kilio. Alikuwa na miaka 37 na hiyo ndiyo medali iliyokuwa imemkwepa maisha yote.

Nje ya hawa watatu nitakuwa mfupi. Zverev amefika nusu fainali nne mfululizo, 2021 hadi 2024, na moyo wangu huuma nikikumbuka kifundo cha mguu kilivyompinda 2022 akiwa anakaribia kumweka Nadal taibreki ya pili. Ila mpira ukimrudia katika pointi kubwa anarudi nyuma ya mstari na kusubiri kosa ambalo wakubwa hawalifanyi. Casper Ruud, fainali mbili, 2022 na 2023, hakupata hata seti. Lorenzo Musetti ana pigo la mkono mmoja wa nyuma zuri kuliko yote yaliyobaki. Mfuate kwa uzuri huo, lakini mwili wake ulimsaliti nusu fainali ya 2025 na kumlazimu kuacha mechi.

Świątek na Gauff, na kwa nini Sabalenka asidharauliwe

Ukiwa na saa mbili tu kwa siku, fuata wanawake. Mechi zao ni za seti tatu, hazikupokonyi usiku mzima. Ila angalia ratiba mapema, maana mechi moja ya usiku inayochezwa kila siku kwenye uwanja mkuu imekuwa ya wanaume; 2024 na 2025 hakuna hata mechi moja ya wanawake iliyopewa nafasi hiyo. Naliona hilo ni kosa kubwa kwa mashindano yenye bingwa wa aina ya Świątek. Ukimfuata yeyote kati ya hawa watatu, jiandae kutazama mchana.

Świątek, Mpolandi aliyezaliwa 2001, alitwaa kombe 2020 akiwa namba 54 duniani na bila kupoteza seti. Akarudi kulitwaa 2022, 2023 na 2024. Mpira wake una mzunguko mkali kuliko wa wanawake wengi: unapita juu ya wavu kwa nafasi, unaanguka ndani, kisha unaruka na kumsukuma mpinzani nje ya uwanja. Siku ya jua hana wa kumkaribia. Fainali ya 2024 dhidi ya Jasmine Paolini, 6-2, 6-1, ilikwisha kabla chai haijapoa.

Lakini ukimpima kwa kipimo changu, anagawanyika mara mbili. Raundi ya pili ya 2024 Naomi Osaka aliongoza 5-2 seti ya tatu na kupata pointi ya mechi. Świątek akapona na kushinda 7-5. Mwaka 2025 Elena Rybakina alikuwa mbele 6-1, 2-0. Świątek akasogea nyuma kupokea sevu, akajipa muda, akageuza. Huyo ni Świątek anayefikiri. Yupo mwingine, ambaye mpira ukimrudia anaharakisha, anapiga mapema zaidi na bapa zaidi, na mambo yanazidi kumharibikia. Huyo alionekana kwenye nusu fainali ya Olimpiki ya 2024 dhidi ya Zheng Qinwen, uwanja uleule, na tena nusu fainali ya 2025 dhidi ya Sabalenka, alipopoteza seti ya mwisho 6-0 na mfululizo wake wa ushindi 26 Paris ukakatika.

Gauff ni kinyume chake. Mmarekani huyu aliyezaliwa 2004 hana pigo linalotisha kama la Świątek. Mkono wake wa mbele hutetereka, na sevu yake ya pili imewahi kumpa wakati mgumu mbele ya dunia nzima. Anachoshinda nacho ni miguu na moyo. Alikuwa bingwa wa vijana hapo 2018. Akafika robo fainali 2021. Fainali 2022, akafungwa na Świątek 6-1, 6-3 na kulia kwenye kiti chake akiwa na miaka 18. Robo fainali 2023, Świątek tena. Nusu fainali 2024, Świątek tena, ingawa mwaka huo alitwaa kombe la wawili wawili pamoja na Kateřina Siniaková. Miaka mitatu mfululizo ukuta uleule. Hakuukimbia.

Fainali ya 2025 alikutana na Sabalenka, namba moja wa dunia, siku ya upepo uliokuwa ukiubeba mpira ovyo. Sabalenka alianza kwa kishindo, 4-1 na 40-0 kwenye sevu yake. Gauff akamfikia, wakaenda taibreki, akaipoteza 7-5. Halafu 6-2, 6-4, Gauff bingwa, Mmarekani wa kwanza upande wa wanawake tangu Serena Williams 2015.

Takwimu za siku hiyo zinasema Sabalenka alifanya makosa 70 ya kujitakia, na yeye mwenyewe alitoka uwanjani akiamini amejifunga, kauli ambayo baadaye aliiombea radhi. Mimi nabishana na neno "kujitakia". Tazama mkanda wa mechi. Sabalenka anapiga mpira mkali kona ya kushoto. Gauff anateleza, anaurudisha juu. Anapiga kona ya kulia, Gauff yupo. Anapiga wa tatu, upepo unausogeza, Gauff anaurudisha tena, dhaifu lakini ndani. Wa nne Sabalenka anautoa nje kwa nusu mita, na karani anaandika kosa la kujitakia. Mpira wa nne usingekuwepo kama wa kwanza ungekwisha. Makosa mengi kati ya yale 70 aliyatengeneza Gauff kwa miguu yake.

Hata hivyo usimwondoe Sabalenka. Nusu fainali ya 2023 alikuwa mbele 5-2 seti ya tatu na pointi ya mechi dhidi ya Karolína Muchová, akaipoteza. Robo fainali ya 2024 alicheza akiwa mgonjwa na Mirra Andreeva wa miaka 17 akamtoa. Mwaka 2025 alikwenda mbali zaidi ya yote, na akiwa ameongeza mipira ya kudondosha ambayo zamani hakuwa nayo. Kila mwaka udongo unamfundisha kitu. Ukipenda kumfuata mtu ambaye hadithi yake ya Paris bado haijafika kilele, na unaweza kuvumilia mchana wa makosa 70, yeye ndiye.

Ningechagua nani

Upande wa wanaume nachukua Alcaraz, nami nimekubali kwamba seti moja katika kila mechi mbili itanikasirisha. Kwa mtu asiyetaka presha, ambaye anapenda kuona kazi ikifanywa sawasawa tangu mpira wa kwanza, nampa Sinner bila kusita. Na huyo mtu awe tayari kwamba siku atakayoumia, ataumia mara moja na kwa kina. Djokovic ni wa anayecheza tenisi mwenyewe wikendi na anataka kujua asimame wapi.

Upande wa wanawake nachukua Gauff. Świątek ni bora kuliko yeye kwenye udongo, na mwenye kupenda udongo wenyewe, ule mruko na ule mzunguko, amfuate Świątek na hatajuta. Mimi navutwa na anayerudisha.

Kama bado hujaamua, fanya hivi jioni moja. Tafuta fainali ya wanaume ya 2025, uipeleke mpaka seti ya nne, 5-3 kwa Sinner, Alcaraz anaanzisha mpira, 0-40. Isimamishe hapo. Usifikirie makombe wala nafasi. Jiulize ni nani kati ya wale wawili unayemwombea pointi inayofuata, kisha tazama droo ya mwaka huu anaanza na nani.